Maboga yangu yanatoa vitoto, vinageuka njano vinadondoka. Tatizo nini wakuu?

mama_pacha_kibaha – 26/11, saa 2 usiku

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi kilimo ni mgeni kabisa, kazi yangu ni cherehani, ila nyuma ya nyumba huku Kibaha nina kieneo kama hatua 20 kwa 15 hivi kilikuwa kinaota magugu tu. Ramadhani iliyopita niliuziwa boga moja la kawaida kwa bei ambayo hata kubishana nilishindwa nikabaki nacheka, nikaapa mwakani futari ya boga itatoka uani kwangu mwenyewe.

Basi wiki ya kwanza ya mwezi wa 10 vuli ilipoanza kunyunyiza nikachimba mashimo 9, mbegu nilizitoa kwenye boga la sokoni, lilikuwa tamu lina unga ule wa kukata na shoka. Kila shimo nikaweka samadi ya kuku debe zima maana jirani anafuga alinipa bure, na mbegu tatu tatu. Zikaota zote, sikung'oa hata moja roho iliniuma. Sasa hivi majani yamekuwa kama ungo, yananifika kiunoni, yamepanda mpaka ukuta wa jirani. Maua ndo usiseme, asubuhi uani kote njano.

Ila boga hamna. Vinatoka vitoto saizi ya goroli, vichache vinafika kama limao, vinageuka njano, vinalainika, puu chini. Wiki hii peke yake nimeokota 14.

Mama mkwe anasema ni wanangu wanavinyooshea kidole. Nimewakataza na bado vinadondoka. Kijana wa duka la pembejeo kaniambia nipulize dawa ya wadudu kila siku ya nne asubuhi, kaniuzia na chupa, sijaifungua nikasema niulize kwanza huku. Naombeni msaada jamani Ramadhani inaingia mwezi wa 2, nitawahi kweli??

---

shamba_la_jioni – 26/11

Chupa iache hivyo hivyo. Kesho okota vilivyodondoka, vipasue kwa kisu katikati, uje utuambie ndani kuna nini. Kama ni vikavu tu vimesinyaa ni jambo moja, kama kuna funza ni jambo lingine, na kwa Kibaha naona kama utakuta vyote viwili.

---

Mzee wa Korosho – 26/11

Mnacheka habari ya kidole lakini mimi nimelelewa na bibi, kwetu kiboga kichanga hukinyooshei kidole, unaonyesha kwa ngumi, ukisahau unang'ata kidole chako ndo dhambi inatoka. Na tulikuwa tunavuna maboga mpaka tunawapa mbuzi.

---

msomi_wa_udongo – 27/11

Mzee wa Korosho 😂😂 bibi yako alikuwa na akili nyingi kuliko unavyodhani, watoto wakiambiwa wasinyooshe kidole hawasogei na wasiposogea hawakanyagi mashina wala hawavichezei vitoto. Ila kinachodondosha sio kidole.

Dada sikiliza, boga lina maua ya aina mbili kwenye shina moja, dume na jike. Dume linakaa kwenye kikonyo kirefu chembamba, ndani lina kijiti kimoja kina unga wa njano ukigusa unakubakia kidoleni. Jike linakaa chini karibu na shina, kikonyo kifupi kinene, na chini ya ua tayari kuna kiboga kidogo cha mviringo. Kile kiboga ndo kinachokuchanganya, unakiona unasema limezaa, kumbe bado halijazaa, ni kama tumbo linalosubiri. Unga wa dume usipofika kwenye jike siku hiyo hiyo lilipofunguka basi kile kiboga kinageuka njano ndani ya siku 3 au 5 kinaanguka. Na ua jike linafunguka siku moja tu, alfajiri linachanua, saa 5 asubuhi limeshajifunga, halifunguki tena maisha.

Anayeubeba ule unga ni nyuki, upepo hauwezi, unga wa boga ni mzito unanata. Sasa jiulize hapo uani nyuki unawaona? Kaa saa 1 asubuhi na chai yako ukodoe macho dakika 20. Kama huoni hata mmoja basi ndo jibu, na yule kijana anayekwambia upulize dawa asubuhi anataka kukuulia hata hao wawili watatu waliobaki. Kama itakulazimu kupuliza dawa siku moja, puliza jioni kabisa jua likizama, maua yamefunga na nyuki wamelala.

Wakati unasubiri nyuki, ifanye wewe hiyo kazi. Ni rahisi kuliko kutia uzi kwenye sindano. Saa 12 na nusu mpaka saa 3 asubuhi, usizidishe. Chuma ua dume lililofunguka leo, libanyue yale majani ya njano ya pembeni yote kibaki kijiti na unga wake, kisha nenda kwenye jike lililofunguka leo, ndani utaona kitu kama vifundo vimekaa duara, vipake ule unga taratibu kote kote. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Ukimaliza funga kauzi chekundu kwenye kikonyo, wewe fundi uzi hukosi, ili ujue lipi umelipaka lini. Kikiwa kimeshika, baada ya siku 4 utaona kichwa kimeinama na ngozi inang'aa.

Usishangae pia kuona madume mengi majike machache. Ndo lilivyo, wiki ya kwanza na ya pili mara nyingi ni madume matupu.

---

mama_pacha_kibaha – 27/11

Aisee asante, hakuna aliyewahi kunielekeza hivi. Nimepasua 6. Vinne ndani vikavu, mbegu kama punje za mchele hazina kitu. Viwili ndani vimeoza vinanuka na kuna funza weupe wembamba wanarukaruka jamani WANARUKA, nilitupa kisu. Kimoja nje kilikuwa na tone kama gundi limeganda, nilidhani ni utomvu tu.

Na nyuki nimekaa mpaka saa 2, nimeona nyuki mmoja na sisimizi kama wote.

---

shamba_la_jioni – 27/11

Ndo nilichokuwa nasema. Hao wanaoruka ni watoto wa inzi wa matunda, yule wa jamii ya maboga, matango na matikiti. Mkubwa wake ukimuona utadhani nyigu mdogo, rangi ya kahawia na michirizi ya njano, kiuno chembamba. Anatoboa kiboga kikiwa bado laini anaweka mayai ndani, na lile tone la gundi ulilosema ndo alama ya sindano yake. Kila ukiona tone hilo kwenye kiboga kidogo jua ameshapita.

Sasa dawa ya kupuliza juu haimfikii funza, yeye yuko ndani amejifungia anakula. Ndo maana watu wanapuliza mpaka wanachoka. Fanya hivi:

Kila kilichodondoka okota siku hiyo hiyo, usikiache chini hata usiku mmoja, na usitupe jalalani uani. Funza akishiba anatoka anazama kwenye udongo, anajigeuza, anaruka inzi mpya. Tia kwenye mfuko mweusi wa taka ufunge kabisa uache juani wiki nzima, au fukia chini kabisa mkono mzima na kiwiko.

Halafu baada ya kupaka unga kama mwenzangu alivyoeleza, siku ya 2 au ya 3 kivalishe kiboga. Gazeti, soksi kuukuu, kitambaa chepesi, wewe vipande vya nguo ndo nyumbani kwake. Kifuko kiwe kipana kipate kukua, kifunge kwenye kikonyo usikaze. Ganda likishaanza kuwa gumu inzi hawezi tena, unavua.

Mitego ipo pia madukani ila angalia sana hapa watu wanapigwa. Kivutio cha inzi wa maembe sio cha inzi wa maboga. Ukinunua ule wa maembe utajaza inzi wa mwembe wa jirani na wako wanaendelea kudunga maboga. Uliza waziwazi, nataka wa jamii ya matango na maboga. Na huyu inzi mchana hashindi kwenye boga, anashinda kivulini pembeni, hasa kwenye mahindi, anakuja bogani kutaga tu. Kama una mahindi ukingoni, mtego uning'inize huko.

---

Dogo wa Chalinze – 28/11

mi naona mnamzungusha tu dada wa watu, kiini cha tatizo ni samadi. Debe zima la kuku shimo moja?? Hiyo ni kulisha majani. Samadi ya kuku ina nguvu, mmea unashiba unaanza kujenga nyumba unasahau kuzaa. Kata ncha zote zitoe matawi, matawi ya pembeni ndo yanazaa majike

---

msomi_wa_udongo – 28/11

Dogo wa Chalinze, kwenye samadi upo sahihi kabisa nilisahau kusema. Shimo la kina cha nusu mita, nusu debe ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri inatosha, ya kuku hata robo debe, uchanganye na udongo wa juu. Ila ilishaingia, huwezi kuitoa. Asiongeze tu mbolea yoyote ya kukuzia, na asimwagilie kila siku kama bustani ya mchicha.

Kukata ncha nakubali nusu. Ukikata ncha zote siku moja kwenye mmea ambao una stresi ya jua la Pwani utakaa wiki mbili unaponya vidonda. Akate ncha za yale mashina marefu yaliyoshapanda ukuta, mengine ayaache. Na mashina matatu kila shimo ni mengi, abakize moja au mawili yenye afya, mengine ayakate kwa kisu usawa wa ardhi ASING'OE, mizizi imeshasukana, ukivuta moja unachana na mwenzake.

---

mama_pacha_kibaha – 28/11

Yaani nikate?? 😭 roho inauma

---

Nyanya wa Seveve – 28/11

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko upande wa Kakamega, Kenya, nimesoma hii story mpaka nikaambia mzee wangu ati kuna mama analia juu ya kukata malenge na hajui ameketi juu ya mboga. Hiyo mnaita boga sisi tunaita malenge, na majani yake ndio seveve, kwetu watu wengi hupanda malenge wakifikiria jani kwanza, tunda ni zawadi ya baadaye. Dada, hizo ncha unazokata na hizo mashina unapunguza usitupe hata moja. Hiyo ni mboga ya wiki nzima.

Chuna zile changa, jani la tatu kutoka kwa ncha kwenda mbele, si yale makubwa kama mwavuli hayo ni ya ng'ombe. Shika kikonyo, vunja kidogo mwisho, vuta uzi ule unatoka na ngozi ya nyuma ya jani, vuta mpaka mishipa, vuta upande ule mwingine. Usipotoa uzi utakula ukikohoa. Halafu yafikiche kwa mkono na maji kidogo zile nywele ziishe, katakata, chemsha na munyu, yale maji ya majivu yaliyochujwa, kama uko nayo au magadi kidogo sana, tia maziwa, acha ilale usiku. Kesho ndio tamu. Sisi huchanganya na mrenda ama kunde. Na Wakikuyu wanaponda hayo majani ndani ya mukimo, ile chakula yao ya viazi na mahindi, ndio unaona ile rangi ya kijani.

Ila usichune shina moja kila siku, chukua huku leo, kesho kule. Mmea bila majani hautalisha tunda.

---

mama_pacha_kibaha – 28/11

Nyanya shikamoo! Kumbe seveve ndo msusa wetu! Msusa naujua wa kununua fungu gengeni ulishamenywa, sikuwahi kufikiri naulalia. Basi nakata kesho.

---

Bi Mkubwa wa Pangani – 29/11

Marahaba wote mnaonidai. Msusa usinipikie na maziwa mie nitakataa, na samahani kwa shoga yangu wa Kakamega kila mtu na kwao. Msusa wa pwani ni nazi na karanga. Ukishamenya na kukatakata, mimina maji ya moto dakika mbili umwage, bandika kitunguu na nyanya na bilinganya au nyanya chungu kidogo, tia msusa, tia tui la pili ulichemshie humo, karanga zilizosagwa vijiko vitatu, mwisho tui zito ukoroge bila kuacha maana tui likikatika pishi lote limeharibika. Chumvi mwisho. Na maua yale madume yanayobaki usiyatupe, yatie humo humo, si ndo wanasema ukipenda boga penda na ua lake, basi wengi wanaliimba ua lenyewe hawajawahi kulila.

Na boga lenyewe likikomaa usilimenye ganda. Kata vipande vya kiganja, panga kwenye sufuria ganda chini nyama juu, maji kidogo yasifunike, chumvi, funika lichemke nusu kuiva. Tia tui la pili, moto mdogo. Likikauka karibu, tui la kwanza na sukari kidogo na iliki ya kutwanga papo hapo, iliki ya kopo usinitajie. Usikoroge, tikisa sufuria. Boga lenye unga linakunywa tui mpaka linapasuka mgongoni, hilo ndo boga. Boga chepechepe linabaki linaogelea, hilo mpe mtoto mchanga uji.

---

Kijana wa Mbezi – 1/12

Naomba nichomekee swali langu hapa hapa. Mimi nimepanda mumunye, nilipewa mbegu na rafiki aliyezitoa kwenye mumunye la shambani kwake. Juzi nimepika la kwanza ni CHUNGU, sio uchungu wa nyanya chungu, uchungu wa kwinini, nimetema. Nikilichemsha sana nikamwaga maji uchungu utatoka?

---

msomi_wa_udongo – 1/12

USILE. Wala usichemshe ukajaribu tena. Mumunye au boga au tango likiwa na uchungu wa kwinini hiyo ni sumu ya asili ya jamii hii, kuchemsha hakuiondoi, na inatapisha na kuharisha vibaya, kuna watu wamelazwa. Onja kidogo kibichi kwenye ncha ya ulimi, chungu tema, tupa lote na mmea wenyewe ng'oa.

Inatokea mara nyingi kwa mbegu za kuzaliwa ovyo. Nyuki katoka kwenye kibuyu pori kaja kwenye mumunye lako, au boga la mapambo kwenda kwenye boga la kula ikiwa ni jamii moja, tunda la mwaka huu linakuwa la kawaida maana nyama ni ya mama, ila mbegu zake zimeshachanganyika, wewe unazipanda mwakani ndo unakuta mgeni. Rafiki yako alikula tamu akakupa mbegu kwa nia njema kabisa.

Hii dada wa Kibaha inakuhusu pia. Mbegu ulizotoa kwenye boga la sokoni hujui mama yake alipakana na nani. Usishangae mashimo 9 yakakuletea sura tatu tofauti. Mwakani kama unataka la unga lilelile, usiku wa kuamkia kuchanua lifunge ua jike kwa uzi au kibanio cha nguo, na dume lake, asubuhi unafungua unapaka mwenyewe unafunga tena. Hilo ndo la mbegu. Na ukinunua zile mbegu chotara za batanati (boga dogo lenye shingo) za kwenye pakiti usihangaike kutunza mbegu zake, hazitafanana na mzazi.

---

Mzee wa Korosho – 2/12

Kwahiyo boga nalo linataka kufungwa kamba usiku lisitembee 😂 dunia imeisha. Wenzetu tulikuwa na mbegu za asili za babu zetu hazina mambo haya

---

msomi_wa_udongo – 2/12

Mzee wa babu zetu kilikuwa kibuyu na mumunye, hivyo ndo vya Afrika. Boga lenyewe ni mgeni, kwao Marekani ya kati na kusini, kule Mexico kwenye pango moja la Oaxaca zimeokotwa mbegu za boga zenye miaka kama 10,000. Huku limefika na majahazi ya Wareno na wenzao baada ya 1492. Ila limekaa sana limeshakuwa mwenyeji, mpaka limepata mwiko wake wa kidole.

---

mama_pacha_kibaha – 9/12

Wakuu taarifa. Nimekata mashina 11, tumekula msusa mpaka baba watoto kauliza kama kuna mtu katuloga. Napaka unga kila asubuhi saa 1 nikiwa na kanga na kisu, jirani amenichungulia ukutani mara mbili hajasema kitu. Nimefunga nyuzi 17. Zimeshika 12, tano zimedondoka kavu, hizo nilipaka saa 4 nilichelewa kuamka. Nimezivalisha vifuko vya vipande vya kitenge, uani kumekuwa kama kuna watoto wachanga wamelala. Cha mapema zaidi kimeshafika saizi ya kichwa cha mtoto.

Ila sasa majani yana madoa meupe! Nimeshtuka tena.

---

shamba_la_jioni – 9/12

Pitisha kidole. Weupe ukitoka kama poda ni ubwiri unga, ukungu huo. Usipotoka, umekaa kwenye pembe za mishipa ya jani mpangilio mzuri kama umechorwa, hiyo ni rangi yake tu, maboga mengi ya huku yana madoa hayo tangu yanaota.

Ukiwa ni ubwiri toa majani ya chini yaliyozidi yapate hewa, mwagilia kwenye shina sio juu ya majani, na maziwa fresh kikombe 1 kwa maji vikombe 9 puliza asubuhi jua likiwepo kila wiki inasaidia ikiwa mwanzo. Salfa nayo inafanya kazi ila jua likiwa kali kama la huko Kibaha inaunguza majani ya boga.

---

mama_pacha_kibaha – 9/12

Haitoki. Ni rangi yake. Naona aibu.

---

mama_pacha_kibaha – 22/1

Nimerudi. Niliyoyavua vifuko mwishoni mwa mwezi wa 12, hakuna hata moja lenye tone la gundi. Moja lilioza tako, lilikuwa limekaa kwenye udongo wenye maji, mengine nikayawekea vipande vya mbao chini. Kwahiyo yamebaki 11.

Sura tatu kweli kama alivyosema msomi! Sita ni kama mama yao, bapa yana mifereji. Manne marefu yana shingo. Moja limekuwa la kijani na mabaka, mviringo kabisa, sijui baba yake ni nani na sitaki kujua.

Jana mwanangu mmoja kabeba moja kwa kikonyo kama ndoo, kikonyo kikang'oka. Je limeharibika? Na haya mengine nitajuaje yamekomaa, nisije nikayakata mapema yakaoza kabla ya mfungo.

---

Nyanya wa Seveve – 22/1

Hilo limevunjika kikonyo pika wiki hii, hapo mahali liling'oka ndio mlango wa kuoza. Halitafika Ramadhani.

Mengine chukua ukucha, jaribu kudunga ngozi. Ukucha ukiingia, liache. Ukikataa kabisa na kikonyo kimekauka kimekuwa kama kuni, limefika. Kata kwa kisu uache kikonyo kirefu kama kidole chako cha kati, usilibebe nacho tena, beba kama mtoto. Yaanike juani siku 7 hivi hadi 10, jioni ingiza kama kuna mvua ama umande. Halafu kwa nyumba mahali pakavu pa hewa, juu ya mbao ama nyasi kavu, yasigusane. Ya ganda gumu kwetu hukaa miezi mitatu hata minne, nyanya yangu alikuwa anaweka darini.

---

Bi Mkubwa wa Pangani – 23/1

Na lililokaa wiki tatu nne baada ya kukatwa ni tamu kuliko la jana. Usiwe na haraka nalo.

---

mama_pacha_kibaha – 1/2

Lile lililovunjika nililipika kama Bi Mkubwa alivyosema, ganda chini nyama juu, iliki nimetwanga mwenyewe. Lilikuwa la wale wenye sura ya mama yao. Lina unga!! Sio kama lile la sokoni, linakaribia. Limepasuka mgongoni kidogo kwenye vipande vitatu, vingine havikupasuka. Mbegu nimeziosha nimeanika kivulini, nusu nitapanda masika nusu nimekaanga na chumvi watoto wamemaliza.

Kumi yako chumbani kwangu chini ya dirisha juu ya mbao, chupa ya dawa bado haijafunguliwa nimeifungia kabatini juu mbali na watoto. Leo mama mkwe kaja kuyaona. Kasimama mlangoni, kayahesabu yote kumi kwa ngumi.